Toka nje kwanza: kwa vijana wa fildi mnaofunga GPS

Jumanne nimemkuta kijana wa fildi ameganda mbele ya kompyuta kwa dakika arobaini, anasubiri moduli ya GPS ishike setilaiti. Ndani ya karakana. Chini ya bati. Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Namuuliza vipi, ananijibu kwamba ameshaagiza nyingine, hii ni mbovu. Wadogo zangu, huyu ni wa nne mwaka huu na koo langu limechoka, kwa hiyo naandika.

1. Toka nje. Setilaiti ziko juu kama kilomita 20,200, na mawimbi yake yakifika huku Arusha yamechoka kuliko hata kelele za kawaida za redio. Bati halijui huruma. Laza kile kigae cha antena uso juu, paonekane mbingu, si chini ya mwembe. Kila setilaiti inatangaza taarifa za njia yake kwa biti 50 kwa sekunde na kuzirudia kila sekunde 30. Ukiikatiza katikati, moduli inangoja duru nyingine. Ipe dakika chache. Taa ya NEO-6M, moduli yetu hii, ikianza kupepesa ujue imepata fiksi, yaani imeshajua iko wapi, na sisemi zile fiksi zenu za kijiweni.

2. Pini ya kutuma (TX) ya moduli iende kwenye ya kupokea (RX) ya bodi ya Arduino Uno, RX iende TX, kasi biti 9600 kwa sekunde. Uno ina siriali moja (njia ya kupitisha data) na USB imeshaikalia, tumia pini nyingine na SoftwareSerial, maktaba inayozigeuza kuwa siriali. Moduli inaongea volti 3.3 na Uno volti 5, kwa hiyo waya unaotoka Uno upitishe kwenye rizista mbili za kugawa volti kwanza. Moduli inatuma mistari ya maandishi; ule wa RMC ndio wenye mahali na muda. Wenye V (bado haina fiksi) tupa, wenye A ndio usome.

3. Soma namba kabla hujaigawanya. Hapa kaeni chini.

Nilipoanza kujitegemea nilimfungia mzee mmoja kifaa kwenye Noah yake. Nilikuwa najisikia kweli. Mstari ukaja: 0322.20,S,03640.98,E. Nikaona 3, nikaona 36, nikasema si ndiyo Arusha hii? Nikagawanya kwa 100, nikapata 3.2220 na 36.4098, nikafunga kasha, nikapokea changu, nikaenda kula nyama kwa Mrombo.

Saa nne usiku mzee anapiga. "Fundi, gari langu linafanya nini Monduli?" Nafungua ramani, kidoti kimetulia huko milimani. Dereva anaapa kwamba yuko kwake Ngarenaro na gari liko mlangoni. Mzee akaniuliza mara ya pili kama nina hakika, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mzee, setilaiti haidanganyi." Asubuhi dereva akanyang'anywa ufunguo.

Siku ya tatu mzee akaendesha mwenyewe kwenda msibani Moshi. Kabla ya njia panda ya KIA, kidoti kikaruka kilomita 44 kwa sekunde moja. Hata Coaster zinazogombania abiria hazijafika huko. Ndipo jasho likanitoka. Tarakimu mbili za mwanzo, au tatu kwenye longitudo, ni digrii; zinazofuata ni dakika, na dakika unazigawanya kwa 60. Yaani 22.20 inakuwa 0.37, na 40.98 inakuwa 0.683. Gari lilikuwa 3.37 na 36.683, Ngarenaro, palepale aliposema dereva. Mimi ndiye niliyelipeleka Monduli, kilomita kama 34. Na kwa kuwa dakika hazifiki 60, namba ilipotoka 3659 kwenda 3700, hesabu yangu ikaruka kutoka 36.599 hadi 37.000.

Nilikwenda kwa dereva na kilo mbili za sukari. Alizipokea, akanipa kiti, akaniambia ni kazi tu. Mke wake hakunisalimia. Nilikaa pale nikiitazama ile Noah mlangoni, maana mzee alikuwa ameshairudisha, na sikupata neno la kuongeza.

Ah, na S ni hasi. Ukiisahau, gari la Arusha linaamkia kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana.

4. Moduli inazisikiliza setilaiti tu, haitumi kitu angani. Mteja akilalamika kwamba bando linaisha wakati setilaiti ni bure, mwambie anayekula bando ni laini ya simu inayopeleka namba kwenye seva. Setilaiti inataja saa na njia yake, basi. Moduli inapima mawimbi yamechelewa kiasi gani, inapiga hesabu yenyewe. Unahitaji setilaiti nne kwa sababu saa ya moduli ni ya bei chee, na ikikosea mikrosekunde moja umepotea mita 300. Hiyo ya nne ndiyo inayoirekebisha. Muda unaoletwa ni UTC, saa ya kimataifa, ongeza saa tatu upate ya kwetu. Kuna mmoja wenu (anajijua) alimpelekea mteja ripoti kwamba basi la saa kumi na mbili asubuhi linatoka stendi saa tisa usiku, na mteja akaanza kumtafuta aliyewaamsha abiria.

Na wewe wa Jumanne: ile moduli mbovu niliitoa uani, ikashika kabla sijamaliza chai. Iko kwenye droo yangu. Ghairi ile oda.