Raha za Nchi Tajiri Zinatoka Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinazungumzia jambo moja, nalo ni tofauti ya utajiri kati ya mataifa, pamoja na starehe za teknolojia ambazo baadhi ya watu wanaziona kuwa mambo ya kawaida ilhali wengine hawajawahi kuzigusa. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba majibu ya nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wakitazama picha za nyumba za nchi tajiri, zenye mashine za kufulia, mashine za kuoshea vyombo na viyoyozi kila chumba, huhitimisha kwamba watu wa huko wana akili au bidii kuliko wengine. Naamini wanakosea, lakini sina hoja nzito za kuwajibu. Naomba msaada.

JIBU: Ndugu Mwalimu, tuanze na vipimo. Ripoti ya Ukosefu wa Usawa Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 10 ya watu wazima walio matajiri zaidi walimiliki asilimia 76 ya mali yote ya dunia, huku nusu nzima ya watu walio chini wakigawana asilimia 2. Mali inayohesabiwa hapo ni ardhi, nyumba, hisa na akiba, baada ya kutoa madeni. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kwa wastani mtu mmoja wa kundi la juu anamiliki karibu mara 190 ya mali ya mtu mmoja wa nusu ya chini. Hakuna binadamu anayeweza kumzidi mwenzake bidii kwa mara 190, kwa kuwa saa za siku ni 24 kwa kila mtu.

Mchumi Branko Milanovic, aliyetumia miaka mingi kupima mapato ya watu wa dunia nzima, amebainisha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti ya kipato kati ya watu inaelezwa na mambo mawili ambayo mtu hana uwezo mkubwa juu yake: nchi anayoishi, na jinsi kipato kinavyogawanywa ndani ya nchi hiyo. Waulize wanafunzi wako kuhusu dereva wa basi. Usukani ni uleule, abiria ni walewale wenye haraka, na barabara mbovu hudai ustadi mkubwa kuliko barabara nzuri. Hata hivyo dereva wa nchi tajiri hulipwa mara nyingi zaidi ya mwenzake wa nchi maskini. Akihama na kupata kazi ileile upande wa pili, mshahara wake hupanda ingawa akili na bidii yake hazijabadilika.

Sasa tuje kwenye mashine ya kufulia, kwa kuwa ndiyo inayowavutia. Mtu anayefua kwa mikono huteka maji na kuyabeba, huloweka nguo, husugua kola na pindo moja moja, husuuza mara mbili au tatu, kisha hukamua kila shuka kwa nguvu za viganja vyake. Maji yakiwa mbali, nguo za familia moja zinaweza kumaliza siku nzima, na aghalabu siku hiyo ni ya mama au ya binti ambaye angeweza kuwa darasani. Mwenye mashine hutumia dakika chache kuingiza nguo na dakika nyingine chache kuzianika. Kwa hiyo tofauti iliyopo kati ya nyumba hizo mbili, kabla ya kuwa tofauti ya anasa, ni tofauti ya muda. Mimi naamini huo ndio utajiri ambao takwimu za mali hazionyeshi vya kutosha.

Lakini mashine hiyo haifanyi kazi peke yake. Inahitaji maji ya bomba yenye msukumo, umeme usiokatika katikati ya mzunguko, mfereji wa kutolea maji machafu, vipuri, fundi, na mara nyingi mkopo wa kuinunulia. Ikipelekwa mahali ambapo hayo hayapo, haina kazi. Ndiyo maana naona ni kosa kuuliza ni nani aliyevumbua chombo fulani na kuishia hapo; swali zito zaidi ni nani aliyegharimia vitu vilivyo chini ya chombo hicho. Fikiria jokofu: jokofu la kawaida la nyumba ya Marekani hutumia takriban uniti 400 za umeme kwa mwaka, na zipo nchi kadhaa maskini ambamo umeme wote unaotumiwa, ukigawanywa kwa idadi ya watu, haumpi mtu mmoja hata nusu ya kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Tena Marekani yenyewe inatupa ushahidi. Katikati ya miaka ya 1930 nyumba nyingi za mijini zilikwisha kuunganishwa na umeme, lakini ni takriban asilimia 10 tu ya mashamba yaliyokuwa nao. Wakulima hao walikuwa raia wa nchi ileile, wakichapa kazi tangu alfajiri, na taa ya umeme ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa zaidi ya nusu karne kabla. Tatizo lilikuwa kwamba kampuni za umeme zilipiga hesabu zikaona kuvuta nyaya hadi kwa mkulima mmoja mmoja hakulipi. Mwaka 1935 serikali iliunda chombo cha kusambaza umeme vijijini, Rural Electrification Administration, ambacho kilivikopesha vyama vya ushirika vya wakulima kwa riba nafuu na kwa muda mrefu, na baada ya miaka 20 hivi mashamba yasiyo na umeme yalikuwa machache. Historia hiyo wasimulie wanafunzi wako kwa kirefu. Inaonyesha kwamba raha ambazo leo mtu huzinunua dukani kwa fedha yake zilitanguliwa na gharama iliyobebwa kwa pamoja, kupitia serikali, kodi na mikopo ya muda mrefu, na kwamba pale gharama hiyo ilipokosa mbebaji, hata raia wa nchi tajiri waliendelea kutumia taa za mafuta.

SWALI: Simu za mkononi zimeenea hata miongoni mwa watu wa kipato cha chini. Je, hiyo si dalili kwamba pengo linazibika lenyewe?

JIBU: Simu ilienea haraka kwa sababu maalumu: mnara mmoja huhudumia maelfu ya watu bila kuvuta waya hadi kila nyumba, na malipo ya kabla humwezesha mtu kujiunga bila kuwa na historia ya mikopo. Bomba la maji halina wepesi huo. Na hata katika mawasiliano yenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia sekta hiyo, ITU, lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti. Katika nchi za kipato cha juu watumiaji walikuwa asilimia 93 ya watu, na katika nchi za kipato cha chini asilimia 27. Wengi wa hao bilioni 2.6 wanaishi mahali ambapo mawimbi ya mtandao yanafika, ila vikwazo kama bei ya simu na ya bando vinawazuia.

SWALI: Ndugu Mhariri, tunasikia kwamba madini ya betri za simu na magari ya umeme hutoka katika nchi maskini. Je, ni haki kusema kwamba raha za matajiri zimejengwa juu ya jasho la maskini?

JIBU: Ni haki kwa sehemu kubwa kuliko inavyokubaliwa, ingawa si kwa yote. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu kubwa ya usafishaji wake hufanyika China. Katika nchi hiyo inayotoa madini ya kuhifadhia umeme, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, lakini hapa wajenzi wapo; kinachokosekana ni viwanda, na viwanda hufuata mtaji.

Kuhusu mgawanyo wa faida, watafiti Kenneth Kraemer, Greg Linden na Jason Dedrick waliichambua bei ya iPhone iliyotolewa mwaka 2010, wakakuta kwamba takriban asilimia 58 ya bei ya kuuzia ilibaki kwa kampuni ya Apple kama faida, ilhali wafanyakazi wa China walioiunganisha walipata chini ya asilimia 2. Sisemi kwamba usanifu na programu havistahili malipo. Ninachosema ni kwamba kiasi cha malipo hayo hakikushuka kutoka mbinguni. Kinalindwa na kanuni za hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, na haki miliki nyingine, ambazo tangu mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani uanze kutumika mwaka 1995 zimekuwa wajibu kwa wanachama wote, isipokuwa nchi maskini kabisa ambazo zimepewa muda wa nyongeza.

Nchi nyingi tajiri hazikubanwa na kanuni za namna hiyo zilipokuwa zinainuka. Uholanzi ilifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869 na haikuwa na nyingine hadi 1912. Kampuni ya Philips ilianzishwa Eindhoven mwaka 1891, katikati ya kipindi hicho, ikatengeneza balbu za umeme bila sheria ya nchini mwake kuizuia kutumia uvumbuzi wa wengine. Siwalaumu Waholanzi kwa kujifunza kwa kuiga, maana ndivyo ufundi ulivyosafiri siku zote. Lawama yangu iko kwa wale waliopanda ngazi hiyo, kisha wakaafiki iondolewe kabla wengine hawajaifikia.

Chombo kikichakaa nacho huacha deni. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu ya taka hizo huvuka mipaka na kuishia kwa watu wanaochoma nyaya ili wapate shaba, wakivuta moshi wenye sumu kwa vyombo ambavyo hawakuvifaidi vilipokuwa vipya.

SWALI: Watu wote duniani wakiishi kama wanavyoishi wa nchi tajiri, je, dunia haitateketea? Na kama ni hivyo, si afadhali maskini waridhike na walichonacho?

JIBU: Ndugu Msomaji, sehemu ya pili ya swali lako siwezi kuikubali. Ripoti ile ya mwaka 2022 niliyoitaja mwanzo ilionyesha kwamba asilimia 10 ya watu wanaochafua hewa zaidi hutoa karibu nusu ya gesi zote zinazopasha dunia joto, na nusu ya chini ya watu hutoa asilimia 12 tu. Kumtaka wa chini ajinyime ili wa juu aendelee ni kumtoza faini asiye na kosa. Joto lenyewe linawapata zaidi wale wasio na kinga: Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya watu bilioni 2.8 wanaoishi katika sehemu zenye joto kali zaidi duniani, ni asilimia 8 tu waliokuwa na kiyoyozi, wakati Marekani na Japani zaidi ya asilimia 90 ya nyumba zilikuwa nacho. Kwa mzee au mtoto mchanga katika siku za joto kali, chumba chenye ubaridi ni suala la uhai.

Sehemu ya kwanza ya swali ni ya haki, na jibu lake siku hizi linategemea zaidi riba kuliko ufundi. Bei ya paneli za umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010. Lakini umeme wa jua hauna bili ya mafuta. Karibu gharama yake yote hulipwa mwanzoni, na kwa hiyo anayekopa kwa riba kubwa huumia zaidi. Chukua mkopo wa dola 1,000 unaolipwa kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 3, mkopaji atalipa takriban dola 67 kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 12, ambayo si ajabu kwa nchi maskini, atalipa takriban dola 134. Paneli ni ileile, na pengine jua la mkopaji wa pili ni kali zaidi, lakini malipo yake ya kila mwaka ni maradufu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo lilieleza mwaka 2024 kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi ambazo hutumia fedha nyingi kulipa riba za madeni kuliko zinazotumia kwa elimu au kwa afya.

Kwa hiyo ukiniuliza macho yetu yaelekee wapi, nitasema yaelekee kule zinakopangwa kanuni za mikopo na kodi. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, kura hupimwa hasa kwa mchango wa fedha. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, na maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85, maana yake nchi moja inaweza kuyazuia. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kila nchi ina kura moja, na huko ndiko kunakojadiliwa mkataba mpya wa ushirikiano wa kimataifa katika kodi, ambao hadidu zake za rejea zilipitishwa Desemba 2024 na ambao umepangwa kufikishwa mbele ya Baraza Kuu mwaka 2027. Marekani ilijitoa katika mazungumzo hayo Februari 2025, nchi nyingine zikaendelea. Kila mwenye mbunge wa kumwandikia ana haki ya kumuuliza nchi yake inatetea msimamo gani mezani hapo, na aliyetumwa kuutetea ni nani.