Nyota ya nane, farasi wa kushoto na makosa mengine ya ukurasa wa Venezuela

Kila kundi jipya linapoingia kwenye deski ya kurasa za nchi, Venezuela humrudia mhariri na majeraha yaleyale: bendera ya nyota saba, Pico Bolívar ya mita 5,007, Siku ya Bendera tarehe 12 Machi. Hakuna aliyezembea. Mmenakili kutoka kwenye atlasi, na atlasi ilikuwa sahihi siku ilipochapwa. Ila nchi hii imebadilisha alama zake na kupima upya milima yake, na rasimu zenu hazionyeshi kama kuna aliyeuliza: hii ni ya mwaka gani? Tunawaandikia ninyi mnaojua tayari kujaza kisanduku cha taarifa, kuandika maelezo ya picha na kuagiza mchoro wa vekta. Hayo hatuyarudii.

1. Hesabu nyota kabla ya kusoma chochote.

Bendera ina mistari mitatu ya mlalo yenye upana sawa, njano juu, bluu katikati, nyekundu chini, kwa uwiano wa 2:3. Ndani ya bluu kuna tao la nyota nyeupe, mgongo wake ukiwa juu. Nyota ni nane, jamani. Saba ni za majimbo yaliyotangaza uhuru mwaka 1811: Caracas, Cumaná, Barcelona, Barinas, Margarita, Mérida na Trujillo. Ya nane ni ya Guayana, jimbo la Venezuela (si nchi jirani ya Guyana), ambayo wakati huo ilikuwa bado upande wa mfalme wa Hispania. Ilipokombolewa, Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, aliiongezea nyota yake kwa agizo la tarehe 20 Novemba 1817, akiwa Angostura, mji ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Baadaye nyota hiyo ikaachwa, na kwa miongo mingi bendera ikabaki na saba, hadi Bunge lilipoirudisha kwa sheria ya Machi 2006.

Hapo ndipo mnapoanza kutuumiza kichwa. Mwandishi mgeni akishaambiwa habari za 2006 hujiwekea kanuni: saba ni picha ya zamani, nane ni picha mpya. Nusu ya kanuni hiyo inafanya kazi. Nyota nane kwenye picha ya mtaani maana yake ni 2006 au baadaye, isipokuwa kama ni maonyesho ya kihistoria yanayoiga bendera ya 1817. Nusu ya pili ni mtego. Baada ya sheria ile, wapinzani wengi wa Rais Hugo Chávez walikataa nyota mpya na wakaendelea kubeba bendera ya saba makusudi, barabarani, mchana kweupe. Kwa hiyo picha ya maandamano yenye nyota saba inaweza kuwa ya 1998, na inaweza kuwa ya 2017. Mwandishi anayehesabu nyota na kuandika "kabla ya 2006" bila kutazama kitu kingine anakuwa ameuhamisha umati mzima miaka kumi nyuma, na msomaji wa Caracas ataligundua hilo kabla hajamaliza kunywa kahawa.

Kibaya zaidi ni yule anayeamua kusaidia. Anaona saba, anajua sheria inasema nane, anamwagiza mchoraji aongeze nyota kwenye picha. Mchoraji mtiifu anaongeza. Sasa mwandamanaji aliyekataa bendera ya serikali anaonekana ameishika hiyohiyo aliyoikataa, na maelezo ya picha yanasema ni mpinzani. Picha ya habari haisahihishwi kwa sheria ya nchi. Inaachwa ilivyo, na maelezo yake yanataja kwamba bendera ni ya nyota saba, iliyotumika rasmi hadi 2006. Upande wa pili wa kosa hilohilo ni ikoni. Mtu anatafuta bendera ndogo ya kuweka kando ya jina la timu, anachukua faili ya kwanza anayoiona, nayo ina saba. Hakukusudia siasa yoyote, lakini ameshachagua upande. Ikoni, jedwali na kisanduku huwekwa nyota nane. Picha hubaki na idadi iliyopigwa nayo.

Tarehe ya picha itafute kwenye taarifa za faili na mabango yanayosomeka. Nyota ziwe shahidi wa mwisho.

2. Farasi.

Sheria hiyohiyo ya 2006 iligusa nembo ya taifa. Ngao ina sehemu tatu. Kwa macho ya anayetazama, juu kushoto ni nyekundu yenye mganda wa ngano wa masuke 24. Juu kulia ni njano yenye silaha na bendera mbili. Chini ni bluu yenye farasi mweupe anayekimbia huru. Juu ya ngao kuna pembe mbili za neema, pembeni tawi la mzeituni na kuti la mtende, na chini utepe wenye tarehe 19 Aprili 1810 na 20 Februari 1859, ya kwanza ya uhuru, ya pili ya shirikisho.

Farasi wa zamani alikimbilia kulia kwa mtazamaji huku amegeuza shingo nyuma. Chávez alisimulia kwamba binti yake mdogo ndiye aliyeuliza kwa nini mnyama yule anatazama nyuma. Farasi wa sasa anakimbilia kushoto, kichwa mbele. Kwenye sehemu ya njano pakaongezwa upinde na mishale kwenye podo lake, pamoja na panga.

Wasanifu wa kurasa wana tabia ya kugeuza picha kama kwenye kioo ili "iangalie ndani ya ukurasa". Mgeuze farasi wa sasa, atakimbilia kulia akiwa na kichwa mbele. Huyo si wa zamani wala si wa sasa, hana nchi. Na maandishi ya utepe yatasomeka kinyumenyume, jambo ambalo, la kushangaza, wasahihishaji wengi hulipita. Geuza mpangilio wa ukurasa, nembo iache.

Bendera yenye nembo kwenye kona ya juu ya upande wa mlingoti ni ya serikali na jeshi; ya raia haina nembo. Kwa ikoni ndogo tumia ya raia, kwa sababu farasi kwenye pikseli ishirini ni doa.

3. Majirani wawili wanaofanana nayo.

Kolombia na Ekuador zina rangi zilezile kwa mpangilio uleule, lakini njano yao inachukua nusu ya bendera. Ya Venezuela ni theluthi. Pima kwa rula, usikadirie kwa jicho.

4. Siku ya Bendera.

Ni 3 Agosti. Ilikuwa 12 Machi hadi mwaka 2006, na kalenda nyingi bado zinaamini hivyo. Tarehe zote mbili ni za Francisco de Miranda, mpigania uhuru wa Venezuela, na za mwaka mmoja, 1806: Machi alipandisha rangi hizo melini kwenye bandari ya Jacmel, Haiti, na Agosti akashuka nazo nchi kavu huko La Vela de Coro, kwenye pwani ya Venezuela. Alitarajia wenyeji waungane naye. Hawakuungana, na baada ya siku chache akarudi majini. Anayeandika kwamba siku hiyo "ilikomboa Venezuela" ameshangilia bao ambalo halijafungwa.

5. Mita.

Maporomoko ya Angel: mita 979 kwa jumla, na mita 807 ni ule mwanguko mmoja usiokatika. Zote ni sahihi, ila kila moja ina kazi yake, na ukiandika "mwanguko mmoja wa mita 979" umekosea. Maji hushuka kutoka Auyán-tepui, mlima wa kilele bapa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canaima, iliyoanzishwa 1962 na kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994. Wapemoni wanaoishi huko huyaita Kerepakupai Merú, na Chávez alilitangaza jina hilo mwaka 2009. Wekeni majina yote mawili.

Msiandike kwamba rubani Jimmie Angel "aliyagundua", Wapemoni walikuwepo. Aliyaona kutoka angani mwaka 1933, na mwaka 1937 akarudi na kutua juu ya mlima. Magurudumu yakazama kwenye tope, ndege ikakataa kutoka, na yeye, mkewe na wenzao wawili wakashuka kwa miguu kwa siku kumi na moja. Ndege ilikaa kule juu hadi 1970 ilipoteremshwa kwa helikopta, na sasa iko mbele ya uwanja wa ndege wa Ciudad Bolívar. Ukiandika kwamba "bado iko mlimani", umenakili kitabu cha kabla ya 1970, na tutakuuliza umekipata wapi maana tunakitaka.

Picha ya uzi mwembamba wa maji ni ya kiangazi, kati ya Januari na Aprili. Si maporomoko mengine.

Pico Bolívar, kilele kirefu kuliko vyote nchini, ni mita 4,978. Ile 5,007 ni ya kabla ya vipimo vya 2002. Na futeni maneno "theluji ya kudumu". Barafu ya mwisho ya Venezuela, iliyokuwa kwenye Pico Humboldt, ilipungua hadi chini ya hekta mbili, na mwaka 2024 wanasayansi wakaacha kuihesabu kuwa barafu ya mlima. Picha zenye weupe mwingi ziandikiwe mwaka zilipopigwa.

6. Radi za Catatumbo.

Hapa wanafunzi wetu wa Kivu huwa macho, na wana haki. Kwa miaka mingi kijiji cha Kifuka, mashariki mwa Kongo, ndicho kilichotajwa kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Uchambuzi wa data za setilaiti uliotolewa 2016 ukaipa nafasi hiyo Ziwa Maracaibo la Venezuela, ambamo Mto Catatumbo unamwaga maji, kwa wastani wa miali 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, pia ya Kivu, ikashika nafasi ya pili kwa 205. Takwimu ya 250 mnayoiona kwenye vitabu vya rekodi ni ya chanzo kingine. Chagueni moja na kuitumia ukurasa mzima. Msianze na 233 kwenye maelezo ya picha halafu 250 kwenye kisanduku.

Msiandike "kila usiku": ni takriban siku 297 kwa mwaka, na mwanzoni mwa 2010, wakati wa ukame, zilikatika kabisa kwa wiki kadhaa. Chanzo chake ni ziwa lenye joto lililozungukwa na milima pande tatu. Usiku upepo baridi hushuka kutoka Andes na Perijá, unakutana na hewa yenye unyevu juu ya maji na kuisukuma juu. Hadithi za urani na methani ziacheni kwa waongoza watalii. Mwali wa radi uko pia kwenye bendera ya jimbo la Zulia, na mara nyingi mchoraji hudhani ni hitilafu ya faili na kuufuta.

7. Ua, mti, ndege.

Mti ni araguaney (1948), ua ni okidi Cattleya mossiae (1951), ndege ni turpial (1958). Ua la Kolombia ni Cattleya trianae, binamu wa karibu kiasi kwamba picha hubadilishana kila mwaka, kwa hiyo jina kamili la kisayansi liwe ndani ya faili, si "okidi3_mwisho_kabisa". Araguaney huchanua njano wakati wa kiangazi ukiwa umepukutisha majani. Picha yenye majani ya kijani tele na ua moja moja irudisheni. Turpial mtambueni kwa ngozi ya bluu kuzunguka jicho.

8. Ramani.

Venezuela huchora eneo la Essequibo, takriban kilomita za mraba 159,500, kama lake. Eneo linatawaliwa na Guyana, na shauri liko Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu 2018. Chora mpaka unaotawaliwa, mstari wa dai uwe wa nukta, na uandike hivyo kwenye ufunguo. Angalieni pia orodha ya vivutio: maporomoko ya Kaieteur, mita 226, yamo ndani ya eneo linalodaiwa lakini ni ya ukurasa wa Guyana. Mlima Roraima, mita 2,810, ni wa nchi tatu, pamoja na Brazili, kwa hiyo unakaa kwenye kurasa zote tatu kwa kimo kilekile.