Siku hizi nasubiri kwanza

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Kwa nini mashabiki wanapoteza hamu ya soka la kulipwa?", limenigusa pabaya. Nililisoma asubuhi nikaliacha, mchana nikalirudia, sasa ni usiku na nimekaa kulijibu, ingawa naona kabisa kwamba nitakachojibu sicho hasa mlichouliza.

Majibu mengi mtakayopata nayajua. Fedha zimezidi: mwaka 2017 Neymar alitoka Barcelona kwenda Paris kwa euro milioni 222, na tangu hapo hakuna bei inayomshtua mtu. Mechi zimezidi: Kombe la Dunia limetoka timu 32 hadi 48, mechi 64 zimekuwa 104, na Ligi ya Mabingwa Ulaya tangu msimu wa 2024/25 ina timu 36 kwenye msimamo mmoja mrefu ambao mpaka leo nausoma kwa kufuata na kidole. Septemba 2024 Rodri, kiungo wa Manchester City, alisema wachezaji wamekaribia kugoma; siku chache baadaye goti lake likaenda. Halafu kamari. Kijana ana mkeka wa mechi kumi na mbili kwenye simu, anazifuatilia zote, hatazami hata moja. Yote hayo ni kweli na nayatia saini.

Ila hakuna hata moja lililonigusa mimi. Bei ya Neymar haikunikosesha usingizi, zilikuwa fedha za watu. Hata ile Super League ya Aprili 2021, ligi ya klabu kubwa zilizotaka kujitenga, ambayo klabu yangu Tottenham ilikuwa miongoni mwa zile 12 (aibu hiyo naibeba hadi leo), klabu zote sita za Uingereza zilijitoa ndani ya siku mbili, na Jumapili iliyofuata nilikuwa mbele ya televisheni kama kawaida, nalalamika kama kawaida. Kilichonipata mimi ni kingine. Nimeacha kushangilia goli. Kutazama natazama, kushangilia ndiko nimeacha, na naweza kuwatajia siku, dakika, na kiti alichokuwa amekalia baba mdogo.

Baba mdogo ni Manchester City, na si wa juzi. Aliipenda kabla ya fedha za Abu Dhabi za 2008, enzi ambazo kuitaja City mbele za watu kulihitaji moyo, na ukimwita bendera fuata upepo mtakosana wiki nzima. Mimi ni Tottenham. Hatujawahi kuelezana kwa nini, kila mmoja alimkuta mwenzake hivyo.

Jumatano, tarehe 17 Aprili 2019. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya marudiano, kwao. Ya kwanza tulishinda 1-0 London kwa goli la Son, na Agüero akakosa penalti. Baba mdogo alikalia kiti chake cha dirishani. Mimi nilikaa chini kwenye zulia, kwa sababu ile ya kwanza nilikaa kwenye zulia na tukashinda.

Dakika ya 4 Sterling, wa kwao. Ya 7 Son, wetu. Ya 10 Son tena. Ya 11 Bernardo Silva, wa kwao. Ya 21 Sterling tena. Magoli matano, na kila moja mmoja wetu yuko juu anapiga kelele na mwenzake yuko chini kashika kichwa. Mama mdogo alitoka chumbani akauliza nani amekufa. Dakika ya 59 Agüero akapiga la nne, wakawa mbele 4-2, kwa jumla wanavuka wao. Baba mdogo hakusema neno. Kilikuwa kile kimya cha mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

Dakika ya 73 ikapigwa kona. Mpira ukamgonga Fernando Llorente, mshambuliaji wetu, mahali fulani, ukaingia. Refa, Çakır wa Uturuki, akaenda kwenye skrini ya pembeni ya uwanja, na baba mdogo akaenda kwenye yetu: alipiga magoti mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo, anaonyesha kwa kidole. "Mkono huo! Kanawa! Mwanangu, wewe una macho mazima, sema ukweli wako, kanawa hakunawa?" Nikamwambia mimi naona nyonga. Refa naye akaona nyonga. Ikawa 4-3, jumla 4-4, na sisi tunavuka kwa magoli ya ugenini. (Sheria yenyewe, kwamba jumla ikiwa sare anavuka aliyefunga mengi ugenini, UEFA waliifuta mwaka 2021. Sisi ilikuwa imeshatufaa, Mungu ailaze pema.)

Sasa dakika ya tatu ya muda wa majeruhi. Eriksen, mtu wetu, anataka kuurudisha mpira nyuma. Unamgonga Bernardo, unamdondokea Agüero, Agüero anampa Sterling, Sterling anampunguza beki mmoja, goli. 5-3. Tumekwisha.

Guardiola, kocha wao, alitimua mbio kandokando ya uwanja akirukaruka. Baba mdogo alitoka nje. Namaanisha alifungua mlango akatoka, peku, usiku ule, nikamsikia anaita wachezaji wake mmoja mmoja kwa majina kama mzazi anayeita watoto waingie ndani. Mimi nilijilaza kifudifudi, uso kwenye zulia. Nakumbuka uzi mmoja uliokuwa umechomoka karibu na jicho langu, wa bluu. Nikauona kama dhihaka.

Nikiwa pale nikasikia sauti ya mtangazaji imebadilika. Nikainua kichwa. Maandishi yalikuwa yanasema VAR, yaani waamuzi wa video, wanaangalia kama kuna kuotea. Nikaketi. Wakaangalia. Refa akachora ule mstatili wake hewani: Agüero alikuwa ameotea, hakuna goli. Guardiola akashuka magotini.

Nilishangilia, ndiyo. Lakini nilishangilia maandishi. Halafu nikakumbuka kuna mtu yuko nje.

Mlango ulikuwa wazi na katika kuita majina alikuwa amefika kwa Kompany. Kisha akaingia, jasho usoni, mikono ameifungua, anakuja kunikumbatia, kwa sababu baba mdogo akishinda huwa na huruma. "Pole mwanangu," akasema, "mpira ndivyo ulivyo." Nikamwambia, "Baba mdogo, wamelikataa." Akacheka, akadhani namtania. Nikanyoosha kidole kwenye televisheni. Akasoma matokeo pale juu kwenye kona: 4-3. Akatazama saa ya mechi. Akarudi kusoma 4-3. Kisha akageuka, akaufunga mlango taratibu, akafuta mguu mmoja, akafuta wa pili, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa mimi nilikuwa nimeshindwa kupiga hata ukelele mmoja. Ungepigaje, na mtu mzima amekaa pale ana vumbi miguuni?

Tangu usiku ule sijamwona baba mdogo akinyanyuka goli linapoingia. Mpira unatikisa nyavu, yeye anainua kiganja kama anayesimamisha gari: "Subiri." Ugonjwa akaniambukiza. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Mei, Lucas Moura alifunga goli lake la tatu kule Amsterdam dhidi ya Ajax, dakika ya 96, goli lililotupeleka fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa katika historia ya klabu. Goli la kumpasua mtu koo. Mimi niligeuka nikamtazama baba mdogo, kiganja kiko juu. Nikasubiri. Walipohakikisha kwamba ni goli, nikapiga makofi. Makofi! Kama niko kwenye mahafali ya mtoto wa jirani.

Ndiyo maana nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimeshapanga sentensi ya mwisho: iondoeni VAR, mtaona hamu ikirudi. Zamani jicho lilikuwa na safari moja fupi, golini kisha kwa mshika kibendera. Kibendera kikiwa chini, ruka, lia, vunja kiti, hakuna wa kukurudisha. Siku hizi goli linakuja kwa mkopo. Na silii peke yangu. Klabu za Sweden zimeikataa VAR. Norway, mwaka 2024, mashabiki walirusha uwanjani mipira ya tenisi na keki za samaki mpaka mechi moja ikavunjika. Keki za samaki! Uingereza mwaka huohuo klabu ya Wolves waliomba ipigiwe kura ifutwe, wakapata kura moja dhidi ya 19, na hiyo moja ilikuwa yao wenyewe. Wenye klabu na wenye koo hawakai meza moja.

Hapa nilitulia kidogo, maana kuna mambo mawili yananikera katika hoja yangu mwenyewe.

La kwanza, mashine ya mstari wa goli, inayoonyesha kama mpira umevuka mstari. Mtakumbuka mwaka 2010 kule Afrika Kusini, Lampard wa Uingereza dhidi ya Wajerumani: mpira umegonga mwamba, umedunda ndani kabisa, refa na msaidizi wake hawakuona. Kombe la Dunia lililofuata mashine ikaletwa, saa ya refa inampa ishara ndani ya sekunde moja, na sijamsikia mtu akisema imemwondolea hamu. Kumbe tatizo si mashine. Ni kule kusimama. Na ni watu walio nyuma ya mashine: Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alifunga kwetu goli halali kabisa, kibendera kikanyanyuka kimakosa, chumba cha VAR kikaona hajaotea, ila wakadhani uwanjani goli limeshakubaliwa, wakasema sawa endeleeni. Goli likapotea hivyohivyo, kwa kutokuelewana. Tulishinda 2-1. Tena ni sisi tuliofaidika, na tena sikujua niushike vipi ushindi wenyewe.

La pili ni gumu zaidi. Agüero alikuwa ameotea. Nimetazama marudio mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri na jibu halibadiliki. Bila VAR goli lile lingehesabika, na pasingekuwa na Amsterdam wala Lucas. Mwezi mtamu kuliko yote niliyowahi kuishi kama shabiki nimeupewa na kitu hichohicho ninachotaka kifutwe. Mwenye haki ya kulalamika ni baba mdogo, na yeye halalamikii VAR hata siku moja. Analalamikia Llorente.

Basi hukumu yangu, kama mnaihitaji, si ile niliyokuja nayo. Ibaki, kwa kuotea tu, na wapewe nusu dakika. Wakishindwa kuona kwa nusu dakika, alichoamua refa uwanjani kisimame. Isipokuwa kwenye fainali, huko waangalie mpaka waridhike. Na labda kadi nyekundu. Penalti za mkono hapo natetereka, niulizeni wiki ijayo. Wanaokata tiketi na kukaa jukwaani wakisubiri bila kujua hata kinachoangaliwa ni nini, hao wana lao na siwezi kuwasemea. Waulizwe wenyewe.

Kuhusu hamu niliyosema imenitoka, hilo nalo sasa nalitilia shaka. Mei 2025, Bilbao, fainali ya Europa League dhidi ya Manchester United, Brennan Johnson alifunga dakika ya 42 goli la ovyo, la kugongana na kusukumana, huwezi kusema limepigwa na nini. Lilikuwa linatosha kutupa kombe la kwanza tangu 2008. Kiganja cha baba mdogo kilinyanyuka. Kikabaki hewani kidogo, kisha akakishusha mwenyewe kabla ya refa kuelekeza mpira kati. "Hili shangilia," akasema. Koo langu lilikuwa limesahau njia. Ilitoka sauti kama ya mlango. (Siku 16 baadaye klabu ikamfukuza kocha aliyelileta kombe hilo, lakini hilo ni swali la wiki nyingine.)

Nimemsomea baba mdogo barua hii kabla ya kuituma, kwa kuwa nimemtaja. Amesikiliza yote. Anasema yeye hamu haijampungua hata chembe, hajui nimelitoa wapi hilo, na kwamba pale kwa Llorente nimeandika kiupande upande. Anataka iandikwe wazi kuwa aliunawa mpira. Nimemjibu kwamba marudio yanaonyesha nyonga. Ameondoka na simu yangu kwenda kuyatafuta.