Mche wa mchungwa "sugu" kwa griningi: soma kabla hujatoa hela

Mkuu uliyeuliza kutoka Rungwe, umesema michungwa yako ina mabaka ya njano, machungwa ni madogo na yamepinda, na muuza miche anakuahidi mche sugu kwa griningi (ugonjwa wa bakteria unaoharibu michungwa) kwa sababu "umebebeshwa kwenye shina la kizungu". Naanza na hilo la shina, maana ndilo litakalokula hela yako.

Shina la chini halikikingi kikonyo, yaani kipande cha juu kinachobebeshwa. Bakteria wa griningi anaishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula kutoka majanini, na mdudu humwingiza huko juu, kwenye majani machanga. Shina zuri kama US-942 linaweza kuusaidia mti ulioambukizwa uzae kuliko wenzake, basi. Chungwa la juu ni lilelile na ugonjwa unaingia kama kawaida. Mchungwa mtamu usioweza kuambukizwa kabisa bado haujauzwa popote. Florida, jimbo la Marekani ambako ugonjwa uligunduliwa 2005, walivuna makasha milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04. Msimu wa 2022/23 yalikuwa takriban milioni 16. Dawa ya mkato ingekuwepo, wao wangekuwa wa kwanza kuinunua.

Hakiki kwanza kama ni griningi kweli. Chuma jani lililokomaa, liinue juani, uchore kwa kalamu miduara miwili inayolingana, mmoja kila upande wa uti wa kati. Upungufu wa zinki hutoa njano inayofanana pande zote mbili, mishipa ikibaki kijani. Griningi haina ulinganifu: duara moja lina njano, mwenzake kijani. Kisha pasua chungwa kwa urefu. Kwenye griningi, kiini cha katikati kimepinda na mbegu nyingi zimesinyaa na kuwa nyeusi. Tazama na majani machanga: vipele juu, vishimo chini yake. Humo ndimo makinda ya Trioza erytreae, mdudu msambazaji, hukaa yakifyonza.

Aina ya Kiafrika ya bakteria huyu haipendi joto. Dalili hukolea kati ya nyuzi 20 na 25, hufifia zikipita 30, na mayai ya mdudu hukauka kwenye joto kavu. Kwa hiyo ubaridi na unyevu wa Tukuyu au Njombe unawafaa wote wawili kuliko joto la Kyela. Msijibweteke wa mabondeni lakini: aina ya Kiasia hustahimili joto, na mdudu wake, Diaphorina citri, ameshaonekana Tanzania.

Sasa uzalishaji wa aina mpya. Kinga ya kweli ipo kwa ndugu wa mbali wa mchungwa: Poncirus trifoliata na ndimu-kidole ya Australia. Unafungua ua siku moja kabla halijachanua, unatoa stameni zote (sehemu za kiume zenye chavua), unapaka chavua ya baba kwa brashi laini, unafunika kwa mfuko wa karatasi. Tatizo linaanzia kwenye mbegu: michungwa mingi hutoa mbegu yenye viinitete kadhaa, na vingi ni nakala ya mama, havina damu ya baba hata kidogo. Baba akiwa Poncirus kuna alama nzuri: jani lake lina vijani vitatu, na sifa hiyo hutawala. Mche wenye vijani vitatu ni chotara. Wenye jani moja zima ni nakala, ng'oa. Chotara wa kwanza tunda lake ni chungu, halinyweki. Inabidi umchavushe tena na mchungwa kwa vizazi kadhaa, na kila kizazi hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa.

Kuhamisha jeni hukwepa uchungu huo kwa sababu ladha haiguswi. Zimejaribiwa jeni za kinga za mchicha na jeni ya NPR1 ya Arabidopsis, mmea mdogo wa utafiti. Miti ilipata nafuu ya viwango tofauti. Bakteria huyu amegoma kuoteshwa peke yake maabara, kwa hiyo majaribio mengi hupita kwenye mti mzima na husubiri miaka. Ukisikia jeni ya CsLOB1 imehaririwa, ule ni ugonjwa mwingine wa bakteria, kanka. Haisaidii kwa griningi.

Na hapa nasisitiza: mti mvumilivu si mti kinzani. Mvumilivu anazaa huku amebeba bakteria, na wadudu wanamchota kwako wanampeleka kwa jirani. Usikate vikonyo kwenye mti "uliopona" bila kipimo cha PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya bakteria), na majani yachumwe pande zote nne, maana bakteria hajienezi sawasawa mtini.

Mbegu haijathibitika kuambukiza, hivyo otesha mlimau wako mwenyewe uwe shina la chini. Shina likifika unene wa penseli, kata gome kwa umbo la T sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini, mkato wa wima sentimita 3, pachika jicho (chipukizi changa) la mchungwa, funga utepe wa nailoni, fungua baada ya wiki tatu. Hatari yote iko kwenye jicho: litoke kwenye mti mama uliopimwa na unaokaa ndani ya wavu wenye matundu ya takriban milimita 0.3. Shambani, nyunyiza dawa ya wadudu majani machanga yanapochomoza, kwa kipimo cha lebo, kamwe si wakati wa maua. Rungwe mvua ni nyingi na mti huchipua mara kwa mara, kwa hiyo fuata machipukizi, usifuate kalenda.

Miti iliyougua sana ing'oe, ila inyunyizie kwanza na uache dawa ifanye kazi. Ukikata kabla, wadudu wote wanaruka kwa jirani. Kisiki nacho king'oe na mizizi yake, kwa sababu kikichipua kinatoa majani machanga yenye bakteria tayari.