Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kama kila ukidai haki yako kazini unaambiwa "sisi hapa ni familia", haya nayaandika kwa ajili yako. Nimefanya kazi miaka kadhaa ofisini kwa kampuni moja ya utalii hapa Arusha, nikipanga safari za wageni. Nilichokiona ni kwamba penye uonevu mambo yote huenda kwa mdomo. Kubaki usiku unaambiwa kwa mdomo, likizo inasogezwa kwa mdomo, makato unayakuta tu kwenye mshahara. Dawa yake ni maandishi, na uyaanze wewe.

Msimu ukichanganya, Julai hadi Septemba, tulikuwa tunatoka saa tatu usiku bila malipo ya ziada. Aprili mvua zikishika na wageni wakikatika, tunaambiwa tukae nyumbani bila mshahara, eti ndiyo likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kazi ni saa 45, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri anaweza kukupangia uende lini, lakini lazima akulipe.

Nunua daftari. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, na nani kakuambia ubaki. Ukiagizwa kwa mdomo, tuma ujumbe wa heshima: "Shikamoo bosi. Kama ulivyoniagiza mchana, nabaki hadi saa tatu kumalizia vocha za hoteli." Nani atagombana na ujumbe kama huo? Ukifokewa kwenye kundi la WhatsApp la kazi, usijibizane humo. Piga picha ya skrini, uihifadhi.

Kilichoniuma kuliko vyote ni makato. Mpishi wetu mmoja wa kambini, mtu mzima mwenye familia, alikatwa karibu nusu ya mshahara kwa sababu ya jiko la gesi lililopotea safarini. Namkumbuka amesimama mbele ya meza ya mhasibu, anaigeuza salari slipu akitafuta maelezo upande wa pili. Hapakuwa na neno. Kisheria, hasara lazima iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ukiwekewa karatasi usaini palepale, omba ukaisome kwanza nyumbani. Wengi wetu tunasaini kwa woga.

Michango yako ya NSSF nayo ifuatilie mapema, usingoje siku ya kuondoka.

Barua ya kuacha kazi usiiandike ukiwa na hasira, maana ukiacha mwenyewe ni kazi ngumu kuja kuthibitisha kwamba ulisukumwa. Na ukiachishwa, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo wakisubiri bosi apoe, au wakimtuma mchungaji akambembeleze. Mchungaji aende, hakuna ubaya, ila fomu ya CMA ijazwe kwanza. Tume yenyewe huanza na usuluhishi, kwa hiyo kama bosi anataka kweli mpatane, mtapatana hukohuko.