Jibu: samaki wangu wa tangini aina ya guentheri wamepauka, nifanyeje?
Mkuu pole, ila sidhani kama hao madume wanaumwa, umesema tangi lina kokoto nyeupe na taa inawaka kutwa nzima, hapo lazima wapauke. Guentheri ni samaki wa madimbwi ya msimu kule Unguja, maji ya tope na vivuli, ukiwaweka juu ya kitu cheupe wanafifia ili wasionekane. Toa kokoto weka mchanga mweusi, punguza taa, mimea ya kuelea ijae juu. Halafu msosi, huu ndo wenyewe, maana wekundu wa mkia samaki hautengenezi mwenyewe anaupata kwenye chakula, wape viluwiluwi vya mbu na atemia (vile vijikamba vidogo vya maji ya chumvi), wangu baada ya wiki kama tatu mkia ulikolea kama pilipili iliyoiva na ule ukingo mweusi ukakaa kama umepakwa wanja, raha tupu. Dume muwekee majike wawili watatu, akiwatanulia mapezi ndo utaona rangi zote. Maji badilisha robo kila wiki. Ila ukiona kama vumbi la dhahabu mwilini hiyo sio rangi, ni ugonjwa wa velveti, tibu siku hiyohiyo