Nati iliyokazwa kwa vidole

Niliruka na nati ile kwa jumla ya saa sita. Ilikuwa ndani ya bawa la kushoto la ndege niliyojiundia mwenyewe, mwisho wa fimbo inayosukuma eleroni (kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande), nyuma ya kifuniko kidogo cha ukaguzi. Rafiki yangu, ambaye naye anaunda ndege yake, alikuja kuazima spana. Nikamwambia, kwa vile upo hapa, hebu chungulia humu ndani. Akaingiza tochi na mkono, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hii umeiacha hivi makusudi?" Akaizungusha nati kwa vidole viwili. Kotapini, ule msumari mwembamba unaopindwa ili nati isijifungue, haikuwepo kabisa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hiki nimekilalia, tena nimekichonga kwa mikono yangu, na kunguni sikumwona.

Nilipokaa kukumbuka, kisa kilikuwa cha kipuuzi. Wiki kadhaa nyuma nilibadilisha bearing ya mwisho wa fimbo hiyo. Nikapitisha bolti, nikaweka nati kwa vidole, simu ikalia. Nikazungumza kama dakika kumi. Niliporudi niliona kifuniko kimelala juu ya bawa, skrubu zake zimepangwa vizuri kando, nikakifunga. Kichwani mwangu kazi ilikuwa imekwisha. Ungeniuliza jioni ile ningekula kiapo kwamba nimeikaza kwa spana ya kupimia nguvu, na nisingekuwa nasema uongo. Ningekuwa nakumbuka mara nyingine niliyoikaza.

Hapo ndipo penye hatari ya ndege ya kujiundia. Unaifahamu mno. Ukiangalia mahali ulipopagusa mara mia, jicho linakuonyesha kinachotakiwa kuwepo, hata kama hakipo. Kwa hiyo siku hizi kazi yoyote ninayoifanya naifanya kama vile fundi ni mtu mwingine nisiyemwamini.

Simu inabaki nje ya banda. Kabla sijafungua kitu naandika kwenye daftari ninachokwenda kufungua, na naning'iniza utepe mwekundu kwenye fimbo ya usukani. Utepe hautoki mpaka mstari wa mwisho daftarini uwe na alama. Nikikatizwa, hata na mtu anayenisalimia tu, nikirudi narudi hatua tatu nyuma na kuanzia hapo. Inachosha, na watu wananicheka. Sawa.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kichupa cha rangi. Nati ikishakazwa kwa nguvu inayotakiwa, na kotapini ikishapindwa, napaka mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati, unapita juu ya bolti na kuishia kwenye bati. Rangi ni ya mwisho. Sipaki ili "nije kukaza baadaye". Mahali pasipo na mstari, kazi haijafanyika, nikumbuke nisikumbuke. Na mstari ukikutwa umekatika au haulingani, nati imejizungusha, kwa hiyo usiikaze tu na kwenda zako, tafuta kwanza kilichoilegeza.

Nati zenyewe zina adabu yake. Ile yenye pete ya nailoni ndani, ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, imekufa, itupe. Na usiiweke peke yake mahali ambapo bolti inazunguka pamoja na kiungo. Hapo inatakiwa nati yenye meno, na kotapini ipite katikati. Ukimaliza kukaza, walau uzi mmoja mzima wa bolti uonekane nje ya nati. Ukiona hautoki, bolti ni fupi, na hakuna maombi yatakayoirefusha.

Baada ya kugusa chochote kinachohusu usukani, kaa kitini ushike fimbo, dole gumba likiangalia juu. Peleka fimbo kushoto: dole gumba linalala kushoto, na eleroni ya kushoto ndiyo inayotakiwa kupanda. Peleka kulia, ya kulia ipande. Dole gumba linaonyesha upande unaoinuka, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanapima ulaini tu, kama fimbo inakwenda bila kukwama. Nyaya zilizofungwa kinyume nazo zinakwenda laini kabisa, ila ndege itageukia usikotaka, na utaligundua hilo magurudumu yakiwa yameshaacha ardhi.

Kuna kisa kinachonirudia kila ninaposhawishika kuhamisha kitu kutoka kwenye mchoro. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa na ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan. Hakuiunda yeye, alikuwa ndiyo kwanza ameinunua. Kwenye mchoro, valvu ya kuchagua tangi la mafuta ilikuwa mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, kwa sababu hakutaka mafuta yapite chumbani mwa rubani. Ukiisikia sababu hiyo ukiwa chini utasema ina akili. Lakini kuifikia valvu ilibidi rubani ajipinde mwili mzima, na wachunguzi wa Marekani waliona kwamba katika kujipinda huko alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia na kupoteza udhibiti wa ndege. Mafuta yalikuwa machache na hakuongeza kabla ya kuruka. Vipimo vya mafuta havikuwa na alama.

Nilipokisoma kisa hicho nilikwenda kukaa kwenye ndege yangu, nikafunga mikanda mpaka mwisho, nikafumba macho, nikajaribu kushika kila swichi na kila valvu. Mbili sikuzifikia. Moja niliifikia kwa kuegemea fimbo. Jaribu yako leo.

Mafuta hayana mengi, ila usiyafanyie uvivu. Toa kidogo chini ya tangi kabla ya safari ya kwanza ya siku, katika chupa angavu. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatua chini kama shanga. Mtego ni pale chupa yote inapokuwa maji matupu: hutaona mstari wowote, utadhani petroli safi. Nusa, au dondoshea kidogo kiganjani. Petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi. Mipira ya mafuta ibadilishe kwa kalenda, si kwa sura. Kampuni ya Rotax, kwenye injini zake za ndege ndogo aina ya 912, inataka mipira ibadilishwe kila miaka 5, hata kama bado inang'aa. Na propela usiiguse ukidhani swichi imeizima injini. Waya wa kuzimia ukikatika mahali, injini iko tayari kuwaka, swichi ikae itakavyokaa.

Sasa, kuruka. Safari ya kwanza baada ya matengenezo naruka peke yangu na siondoki juu ya uwanja. Ndege nyepesi haina uzito wa kuisukuma mbele. Injini ikizima wakati pua iko juu, kasi inaisha ukiwa bado unashangaa. Pua chini kwanza, mengine baadaye. Tamaa ya kugeuza kurudi uwanjani imewamaliza marubani wazuri kuliko mimi. Ukilaza bawa nyuzi 60 huku unang'ang'ania kimo, mabawa yanabeba uzito mara mbili, na kasi ambayo chini yake ndege haishikiki tena inapanda kwa asilimia 41. Iliyokuwa kilomita 70 kwa saa inakuwa karibu 99.

Kimo chako cha kugeuzia usiazime kwa mtu. Panda juu sana, anza kupaa kama unayeondoka uwanjani, punguza nguvu ya injini mpaka mwisho, hesabu sekunde nne za mshangao, kisha geuka nusu duara na zaidi, uone umepoteza kiasi gani. Ongeza akiba juu yake. Namba hiyo naitamka kwa sauti kila ninapoanza kukimbia. Chini yake, naenda mbele, hata mbele kukiwa kubaya.

Yule rafiki yangu anakaribia kumaliza ndege yake. Jumamosi aliniita, akanipa mchoro na tochi, hakuniuliza kama naiona nzuri. Alisema, "Nitafutie kosa." Nilikaa chini ya mabawa saa mbili na nusu. Nilipata mawili, na moja lilikuwa nati.